Mirunda ya Msibani

Kila nikipanda ngazi za jengo la watu na nyundo yangu, lazima atokee mmoja anitupie ile methali ya ufa na ukuta. Nimeichoka. Ufa ukiuona, mwenzangu, umeshachelewa. Mimi nahangaika na ubaya usioonekana, ule unaokula nondo ndani ya zege huku nje rangi inang'aa na watu wameanika mashuka. Kikulacho ki nguoni mwako, basi.

Jengo ninalolisimulia lipo hapa hapa Morogoro mjini, la ghorofa tatu, limejengwa kabla sijazaliwa. Wapangaji wake ni walimu, wastaafu, fundi cherehani mmoja. Walinibatiza jina la dokta kwa sababu nagonga kuta na kutega sikio. Zege zima hujibu kwa mlio mkavu. Lililooza ndani hulia kama debe tupu.

Ghorofa ya kwanza aliishi mwalimu mstaafu, mama wa Kiluguru mwenye asili ya Mkuyuni, pamoja na mumewe aliyekuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Wote tulimwita Mwalimu, hata ambao hakutufundisha. Balkoni yao niliigonga kwa chini, ikalia vizuri kabisa. Nikashuku kwa sababu ya mapipa. Hapa mjini maji hutoka siku yanapotaka, kwa hiyo kila mtu ana mapipa, na yeye alikuwa na manne, yamejipanga ukutani, yakivuja kidogo kidogo miaka na miaka. Nikachimba sakafu kwa tindo, pale balkoni inapoungana na nyumba. Nondo za juu, ambazo ndizo zinazoishikilia balkoni nzima isianguke, zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zikabaki nyembamba kama spoku za baiskeli.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikampigia mwenye jengo, anayekaa Dar. Akaniuliza kama ufa unaonekana kutoka barabarani. Nikamwambia hakuna ufa. Akasema basi si haraka, tutazungumza mwisho wa mwezi. Mnh! Nikakata simu kabla sijamtukana.

Nikafanya nililoweza. Nilileta mirunda yangu kumi, ile miti ya kuegemezea zege, nikaiandika namba kwa chaki na kuisimamisha uani, ikaibeba balkoni kwa chini. Mlango wa balkoni nikaukingia ubao. Nikamwambia Mwalimu mapipa yamwagwe, yabaki matupu, na mtu asikanyage pale. Akanijibu kwa upole kwamba mgonjwa huoshwa mara tatu kwa siku, maji atayaweka wapi? Nikamnunulia madumu ayapange jikoni. Akayamwaga mapipa mbele yangu, moja moja, kwa kopo, kama mtu anayemwaga maziwa. Nilimwonea huruma sana siku ile.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Mikese kwenye kazi nyingine, simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa wapangaji. Mzee wa Mwalimu amefariki, akasema, anazikwa alasiri, watu wanakuja kutoka Mkuyuni na Mlali, jua kali, turubai limepatikana lakini miti ya kulisimamishia hakuna.

"Dokta, tunaomba mirunda yako. Matanga yakianuliwa tunairudisha palepale."

Kwetu msiba hauna hapana. Mtu akifiwa, mwenye sufuria hutoa sufuria, mwenye mkeka hutoa mkeka, na anayekatalia kitu chake watu humhesabu, na siku yake ikifika atazikwa na wachache. Lakini sitaki kujificha nyuma ya desturi. Nilifikiri pia, kifundi kabisa, nimeegemea toroli pale Mikese. Mapipa matupu, mlango umekingwa, siku tatu tu. Itashika. Nikasema chukueni.

Sikuuliza habari za mapipa. Narudia: sikuuliza.

Jioni nikaenda kuhani. Nilikaa kwenye mkeka chini ya turubai lililobebwa na mirunda yangu mwenyewe, namba zangu za chaki zinaonekana, moja, mbili, tatu. Mdogo wake Mwalimu alikuwa ameshafika kutoka Mkuyuni na mkungu wa ndizi kichwani, mama mchangamfu, akitutania sisi wanaume kwamba tumekuja kuhani sahani. Nikatazama juu. Balkoni imetulia, ubao wangu upo mlangoni. Nikala wali wangu, nikashiba, nikajiona mtu mwema.

Alfajiri ya siku ya pili maji yakatoka, kwa nguvu, baada ya siku tano za ukame. Nyumba imejaa wageni, vyombo vya jana havijaoshwa, wanawake wakashangilia. Ubao ukaondolewa. Mapipa manne yakajazwa mpaka juu. Saa tatu asubuhi mdogo wake Mwalimu akatoka na jagi kuchota maji ya chai. Balkoni ikang'oka nzima na kushuka uani, pale ilipokuwa mirunda yangu, pamoja naye na mapipa yote. Hakuna mwingine aliyeguswa, maana watu walikuwa wamekaa upande wa pili, chini ya turubai.

Walinipigia. Nilipofika walikuwa wameshamtoa na kumfunika kanga. Turubai halikuanuliwa. Msiba wa pili ulikaa palepale, juu ya mirunda ileile.

Watu wakasema ajali haina kinga. Wakasema mwenye jengo ana roho mbaya, jambo ambalo ni kweli. Wakaja kunishika bega, jamani, kunipa pole mimi, kwamba dokta alionya na hakusikilizwa! Waliojua mirunda ile ilitoka wapi walikuwa wachache, na katika vurugu hakuna aliyeunganisha mambo. Mwenyekiti peke yake aliunganisha. Tulitazamana mara moja tu, halafu kila mtu akageukia upande wake.

Kabla ya arobaini nikaenda kuziba kwa matofali mlango wa balkoni uliobaki ukifungukia hewani. Mwalimu alikuwa eda, hakai na wanaume, kwa hiyo aliongea nami kutoka nyuma ya pazia la chumba. Mwenyekiti alikuwa pale, amenishikia ndoo ya udongo. Nikamwamkia Mwalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya watoto. Nikachota udongo, nikaanza kupanga.

"Wewe ulinikataza mapipa, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu, maji hayo, jaza. Mimi ndiye niliyemuua."

Nilikuwa na tofali mkononi. Maneno yalikuwepo, yamekaa ulimini tayari: Mwalimu, hata yakijaa, mirunda yangu ingebeba, niliitoa mimi. Mwenyekiti alikuwa anaangalia ndoo. Nikasema, "Ni kudra ya Mungu, Mwalimu." Nikapaka udongo, nikapanga tofali, nikaendelea mpaka mwanga ulioingia kwa mlango ule ukaisha.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini neno lile moja lingeweza kuzoleka, siku ile au yoyote iliyofuata, na kila siku naliacha hapo hapo chini. Nagonga majengo ya watu, nawaambia wabomoe plasta tuone kilichomo. Mimi naogopa mama mmoja mzee.

Eda yake imekwisha. Wanasema hali chakula vizuri, na kwamba maji yakitoka huingia chumbani na kufunga mlango. Juzi alinitumia ndizi, mkungu mzima, kwa shukrani ya ule ukuta nilioujenga bila malipo. Zimetoka Mkuyuni, shamba la marehemu mdogo wake. Nimezitundika jikoni. Zimeiva, sasa zinaoza, na hapa nyumbani nimekataza mtu yeyote asizile.