Mtaa Wetu Ulivyohesabu Watu Wasiokuwepo

Ukivuka daraja la Kigamboni ukaendelea mpaka lami ikate tamaa, halafu ukaendelea tena mpaka dereva wa bodaboda naye akate tamaa, hapo umefika kwetu. Sie tunajiita watu wa Dar es Salaam. Dar es Salaam yenyewe haina habari.

Jina la mtaa sitalitaja, maana wenyewe wana majina matatu na wanagombana kila wanapochapisha kadi ya harusi. Jiografia yake lakini naijua vizuri. Nilisoma shule ya jioni Temeke, nikiwa na miaka thelathini na moja, magoti yameinuka mpaka kidevuni kwa sababu dawati lilikuwa la mtoto wa darasa la pili, na nikapata C ya Jiografia. C ya shule ya jioni ni sawa na udaktari wa mchana, asikudanganye mtu.

Basi nikufundishe. Mto tunao. Miezi tisa ni uwanja wa mpira, miezi mitatu unabeba kuku na masufuria, na mwaka mmoja ulibeba choo kizima kikiwa kimesimama wima, mlango umefungwa, na mpaka leo kuna wanaoapa kwamba ndani kulikuwa na mtu. Mlima tunao pia. Ni kichuguu kilichopitiliza, ila wanaokaa pale wanapaita Mlimani na wanashuka kuja dukani kwa maringo, kama watu waliotoka nchi ya baridi. Madini yetu ni mchanga. Mchanga uko barabarani, uko kwenye wali, uko kwenye mashuka, na ukimbusu mtoto unautema.

Wakazi walio wengi ni mapagala. Nazungumzia zile nyumba za matofali zisizo na paa, ambazo wenyewe wako Kimara na wamekuwa wakijenga tangu mie sijaota ndevu. Kila pagala limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba eneo hili haliuzwi, matapeli mkae mbali. Jumapili mwenye nalo anakuja na viatu safi, anautazama mpapai uliomea sebuleni kwake, anapiga picha, anaondoka. Watu wa namna hiyo tunao wengi sana, na wote wakiulizwa wanasema wanakaa Kigamboni.

Wanaokaa kweli ni wa aina nyingine. Kuna wenyeji, watu wa pwani hasa, ambao babu zao walipanda mikorosho yote iliyopo na kwa jinsi wanavyoringa ungedhani walipanda na bahari. Halafu kuna sie wapangaji, wengi tumetoka kusini. Mama yangu alipanga vyumba viwili kwa bibi mmoja mwenyeji, kimoja chake, kimoja changu, na kila asubuhi alikaa barazani akikaanga mihogo. Wakati wa mambo ninayoyasimulia alikuwa na mwaka wa kumi na moja pale.

Mpangaji kwetu ana kazi nyingi. Msiba ukitokea anapika, anachota maji, anakesha, anatoa mchango. Ila majina ya waliochangia yakisomwa, wenyeji wanasomwa mmoja mmoja, na ukoo, na sehemu walikotoka mama zao, halafu mwishoni msomaji anakohoa na kusema, "na wapangaji." Basi. Watu nusu ya mtaa wamefungwa furushi moja. Hakuna aliyewahi kulalamika. Hata mie niliona ni utaratibu tu, kama vile mchanga.

Shida ilianza na mguu wa mama. Ana sukari. Alijikwaa kwenye kisiki, kidonda kidogo kama punje ya mahindi kikatokea chini ya kidole, na kikagoma kupona. Mara tatu kwa wiki ilibidi apande bodaboda kwenda hospitali kusafishwa. Bodaboda ikifika kwenye mchanga mzito abiria anashuka, anatembea, anapanda tena mbele. Kwa hiyo mama akitoka hospitali na bandeji mpya, akifika nyumbani imejaa mchanga. Nesi wa kule alimwambia mbele yangu, bila kuzungusha maneno: "Mama, kidonda kikiendelea kula mchanga hivi, tutaanza kukata vidole, halafu tutapanda juu."

Na sie zahanati tulikuwa nayo. Tulijenga wenyewe, wapangaji tukibeba matofali na wenyeji wakituelekeza tuyaweke wapi. Paa lilikuwepo, milango ilikuwepo, kilichokosekana ni nesi. Mtaa wa pili nao walikuwa wamejenga ya kwao. Ofisi ya kata ikasema nesi aliyepo kwa sasa ni mmoja, ataenda kwenye mtaa wenye wakazi wengi, kwa hiyo kila mtaa ulete orodha ya wakazi na afisa atakuja kuihakiki.

Mwenyekiti wa mtaa akaniita. "Wewe ndiye msomi wetu," akasema. "Chukua kaunta buku, pita nyumba kwa nyumba."

Kuandika, mpangaji anaruhusiwa. Nikaanza na mwenye nyumba wetu, kwa heshima.

"Shikamoo bibi. Nitajie wanaokaa humu."

"Marahaba mjukuu wangu. Andika. Kifungua mimba wangu."

"Si yuko Manzese, bibi?"

"Manzese anatafuta tu. Hapa ndiyo kwao. Andika." Nikaandika. Akanitajia watoto saba, wote wako mjini kwenye shughuli zao, mmoja hajaonekana tangu simu zilipokuwa za kuzungusha. Akafuata wajukuu. Halafu akasema, "Na babu yenu."

"Babu si marehemu?"

"Ndiyo."

"Bibi, tunaandika wanaokaa hapa."

"Kwani yeye anakaa wapi? Si yule pale chini ya mkorosho? Hajahama."

Nikacheka mpaka kalamu ikaanguka. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyesoma sana: kuna fununu kwamba barabara kubwa itapita na watu watalipwa fidia, na orodha yoyote ya serikali, hata wakikwambia ni ya nesi, mwishoni itakuwa ya fidia. Asiyeandikwa amepoteza haki yake. Marehemu asipoandikwa, mkorosho wake utakuwa wa nani?

"Na wapangaji, bibi? Tuko sita humu."

"Nyie mwandikwe kwenu," akasema, tena kwa upole, huku ananikatia kipande cha nanasi.

Nyumba ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Mzee mmoja wa Mlimani aliniandikisha mapacha ambao mkwe wake alikuwa bado hajawazaa. Mie nami, badala ya kukataa, nikafurahi. Nilijua daftari nene ndilo litamleta nesi, na nesi ndiye mguu wa mama. Niliandika walioko Manzese, walioko Uarabuni, waliozikwa. Kwa usomi wangu wa C nikaongeza mwishoni kurasa za wapangaji, majina yao yote, nikiwa na hakika nimewazidi akili watu wa mtaa wa pili.

Orodha ikasomwa kwenye mkutano wa mtaa. Wakati nasoma wafu, wenyeji waliitikia kwa kichwa, wengine wakifuta machozi. Nilipofika kwa wapangaji, kukawa na minong'ono. Mzee wa Mlimani akasimama.

"Hao watoe. Leo unawaandika kwa nesi, kesho wanadai mikorosho."

"Mzee wangu," nikasema, "bila hao hapa hamna mtu. Ukiondoa hao tunabaki na nyie wazee, kuku na mapagala."

"Nesi akija si mtatibiwa? Nani atawafukuza? Lakini kuandikwa, hapana."

Mwenyekiti akasema tupige kura kwa mikono. Wanaotaka wapangaji watolewe: mikono ya wenyeji ikapanda kama mihogo baada ya mvua. Wanaotaka wabaki: nikanyoosha wangu. Nikageuka nyuma. Wapangaji walikuwa wamejaa ukuta mzima, wengi kuliko waliokaa mbele, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha. Nikamtafuta mama. Alikuwa kwenye mkeka na mguu wake umenyooshwa mbele, mikono yote miwili ameifunika kwa kanga.

Nyumbani nilimuuliza. Sikumuuliza vizuri.

"Ningenyoosha vipi mbele ya mwenye nyumba wangu?" akajibu. "Kisima ni chake. Kesho maji nitaomba wapi?"

"Na mguu je, mama?"

"Mguu ni wangu. Kisima ni chake."

Mwenyekiti alizichana zile kurasa za wapangaji kwa uangalifu, bila kuharibu daftari, akaipeleka orodha kata. Siku chache baadaye afisa akaja, binti mdogo, ana jalada na chupa ya maji, viatu vimejaa mchanga kama vya sisi sote. Tukakusanyika kwenye zahanati. Aliwaamkia wazee, akakaa, akafungua orodha yetu na kuanza kuita.

Aliita jina la kwanza. Kimya. "Yuko Manzese," akasema mwenye nyumba wetu. La pili. "Huyo yuko Muskati." La tatu, la nne. Akafika la babu.

"Huyu?"

"Marehemu," wakasema kwa pamoja, kwa fahari.

Afisa akaweka kalamu chini. Akauliza waliofariki wako wangapi humu. Wakaanza kumhesabia, wakasaidiana, mmoja akamkumbusha mwenzake shangazi aliyesahaulika. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunga jalada.

"Wazee wangu, msinielewe vibaya. Mtaa wa pili niliita majina na watu wakasimama. Nesi hawezi kuletwa kwenye makaburi."

Akasimama kupukuta mchanga kwenye sketi. Ile orodha ilikuwa mwandiko wangu.

Ndipo nikasikia mkeka unakwaruza. Mama alikuwa anajiinua, mkono mmoja ukutani. Alichechemea mpaka kwenye meza na ile bandeji yake ya rangi ya udongo.

"Shikamoo mama," akasema afisa.

"Marahaba mwanangu. Mie sijaitwa humo. Ila nalala hapa mwaka wa kumi na moja sasa. Niandike."

Mwenye nyumba wetu akasema kwa sauti ya chini, "We, rudi ukae. Unatutia aibu kwa mgeni."

"Nitakaa nikishaandikwa, dada," akasema mama. Hakugeuka kumtazama. Niliona kisogo chake kinatoka jasho.

Afisa akatazama mguu kwanza, akatazama uso, akakaa tena, akageuza ile orodha yetu ya wafu upande wa nyuma ambako hakujaandikwa kitu. Akauliza jina, akaandika. Nyuma ya mama akaja fundi cherehani. Nyuma yake mama wa mkaa na watoto wanne, akiwasukuma mbele kama ushahidi. Wapangaji walitoka ukutani kama siafu, nakwambia walitoka wengine hata mie mwenyewe, msomi wa jiografia, sikuwahi kuwaona. Karatasi zikaisha, afisa akaandika pembeni, akaandika kwenye jalada.

Wenyeji walivyoona jambo limekolea, walifanya nini? Walikuja kulalamika kwamba wanaandikwa nyuma ya wapangaji. Mzee wa Mlimani aliomba jina lake liwekwe juu kabisa, hata kama ni kwa kubanwa. Afisa alimwandika pale pembeni, wima.

Kisima tulifungiwa, kama mama alivyojua. Mwezi mzima nilichota maji Mlimani, kwa watu wenye maringo, na kila ndoo nilisikia hotuba. Nesi alikuja kwetu, kweli alikuja, ila serikali haikimbii, na alifika baada ya mvua za masika. Wakati wa mvua hizo barabara iliondoka, hospitali mama alikosa wiki mbili, na aliporudi walimkata kidole kimoja na kipande cha kinachofuata.

Siku zahanati inafunguliwa foleni ilianza kabla ya jua. Mama alikuwa wa kwanza. Mwenye nyumba wetu akafika kwa madaha, kanga mpya, kadi yake ya presha mkononi kama zawadi, akapita watu wote mpaka mlangoni na kumwambia nesi yeye ni mwenyeji hapa, aanze naye. Nesi, ambaye hajui mkorosho wa mtu, akamwonyesha benchi kwa kalamu.

"Kaa nyuma ya huyu mama."

Bibi akakaa. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ya afisa. Akatazama ukuta, akatazama paa, akatazama kuku wa watu. Mwishoni akashusha macho kwenye mguu wa mama, ambao ulikuwa umeshafunguliwa bandeji unasubiri.

"Wamekata," akasema.

"Wamekata, dada."

"Mie nilidhani unadeka."

Bibi akakunja pindo la ile kanga mpya, akainama kwa shida, akaanza kupangusa mchanga pembeni ya kidonda, taratibu, huku analalamika kwamba nesi mwenyewe kijana na anachelewa.