Bikoni Iliyong'olewa

Skrini ilikuwa tupu. Nilikuwa nimefungua mchoro wa ardhi, nikaita ndani yake mchoro wa nyumba kama nilivyofundishwa, kompyuta ikakoroma kwa muda mrefu, kisha ikanionyesha weusi. Nilidhani disketi imeharibika njiani. Ilikuwa imetoka Shinyanga kwa basi, ndani ya mfuko wa shati la kondakta.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata zile mvua kubwa zilizobeba madaraja. Baada ya kidato cha nne nilijifunza kuchora kwa kompyuta Shinyanga, kwa mkandarasi mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la mabati na saruji mbele, na meza za kuchorea nyuma. Sikukaa. Sijawahi kukaa mahali. Niliposikia kambi moja ya utafiti wa dhahabu nje ya Geita inatafuta mtu anayejua kazi ile, nilifunga begi. Nilipofika nikakuta kota za wafanyakazi zinachorwa na yuleyule mkandarasi wangu wa zamani. Kazi yangu ikawa kuzipandisha kota zake juu ya ramani ya wapimaji wetu, walioichora kwa programu nyingine kabisa.

Mkuu wa wapimaji, mtu mzima wa Pwani asiyevua kofia yake ya kufuma, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Rudi nyuma," akasema. "Bado. Rudi tena. Tena."

Nilipunguza mchoro mpaka zikatokea nukta mbili, moja pembe ya chini, nyingine pembe ya juu.

"Ile ya chini ndiyo kota. Hii ya juu ndiyo Geita yetu. Hapo katikati ziwa zima linapita."

Alinieleza kwa upole. Mchora nyumba huanza kuhesabu kwenye kona ya ukuta wa nyumba yake ya kwanza. Kwake hapo ndipo sifuri. Sifuri ya mpima ardhi iko mbali, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, ndiyo maana tarakimu zake ni ndefu. Kila mmoja yuko sahihi kwenye mchoro wake. Ili wakutane zinatakiwa alama mbili ambazo wote wanazijua. Ya kwanza inakuambia mahali, ya pili inakuambia uelekeo.

Alama hizo zilikuwa bikoni mbili za saruji, moja mlimani, nyingine bondeni karibu na kijito. Ya mlimani ilikuwepo. Tulipokwenda bondeni kuhakikisha ya pili, tulikuta shimo linalomeza mtu mpaka kifuani, na wachimbaji wadogo wamekaa ukingoni wakila muhogo.

"Jiwe letu liko wapi?" mkuu akauliza.

"Jiwe lipi tena, mzee? Sisi tumekuta duara tu, shimo hili unaloliona."

"Duara lilianza lenyewe?"

Wakacheka. Mmoja, aliyejaa vumbi mpaka kope, akasema, "Mzungu hawezi kumwaga saruji porini bure. Mnaweka alama penye mali halafu mnatuambia ni ya ramani."

"Mmepata nini?"

"Udongo, mzee. Lakini bado hatujafika chini."

Kuanzia Buseresere mpaka Nkome bikoni ziling'olewa hivyohivyo, na kila shimo lilimalizikia kwenye udongo. Imani haikupungua.

Kati ya mlima na bonde, upande wa machweo, palikuwa na mji wa mama mmoja mjane. Tulikuwa tunakula kwake mchana, ugali na dagaa. Nilimwita mayu, kama wanavyowaita mama zao huku. Mji wake ulizungukwa na ua wa minyaa, na nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi, alilala mumewe chini ya tuta la udongo. Mvua zile zilikuwa zimelisawazisha tuta karibu liishe. Alishanunua mifuko ya saruji alijengee, lakini hakuthubutu kuanza. Alitaka kwanza kujua kama uzio wa kota utapita kwake. Kila nikimsalimia alikuwa na swali hilohilo.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mashine yenu imeshaniona?"

"Bado, mayu."

"Ina macho mabaya hiyo."

Wakubwa wa kambi hawakutaka kusubiri. Mkuu akaamua kufunga michoro kwa bikoni moja ya mlimani, na kwa uelekeo akaufuata mshale wa kaskazini uliokuwa pembeni mwa mchoro wa kota. Nikashika kota zote, nikazibeba kutoka kule mbali, nikazitua kwenye jiwe la mlimani. Zilikaa vizuri, barabara ya mchoro wa kota ikalingana na barabara ya ramani pale mlimani. Mji wa mayu ulikuwa nje ya uzio, na nafasi ikabaki.

Mkuu alikwenda kumwambia mwenyewe.

"Umebaki nje, mama. Hakuna atakayekugusa."

Mayu alinyanyuka. Alifunga khanga vizuri, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kwanza wa saruji kichwani. Wiki hiyo kaburi lilijengwa, likapigwa lipu, na fundi akachora msalaba kwa ncha ya mwiko kabla saruji haijakauka. Tulipokwenda kula alitupeleka kulitazama kabla ya chakula.

Baadaye wachimbaji walihama bonde, kama kawaida yao wakisikia habari ya mahali pengine. Mkuu akafukia shimo, akapima upya kutoka mlimani, akasimika bikoni mpya palepale pa zamani. Akaniambia nihakikishe michoro, kwa utaratibu tu. Nikaweka alama ya pili ya mchoro wa kota juu ya alama ya pili ya ramani.

Kota zikazunguka. Karibu na mlima hazikusogea hata upana wa mlango, lakini kadiri zilivyokuwa mbali na jiwe ndivyo zilivyofagia eneo kubwa, na safu ya mwisho ikapita juu ya minyaa ya mayu na kusimama. Jiko la kota mojawapo lilikuwa juu ya kaburi.

Mkandarasi alikuwa amezichora nyumba zimenyooka na karatasi ili iwe rahisi kuandika vipimo, ingawa mlimani zilitakiwa kukaa mshazari kufuata mteremko. Mshale wa kaskazini uliwekwa tu kwa sababu kila mchoro huwa na mshale.

Mkuu alikuja akainama mbele ya skrini.

"Haziwezi kusogea?" nikauliza.

"Ziende wapi, kijana? Juu mwamba, chini kijito. Na wakubwa wameshatia saini."

"Si tulimwambia amebaki nje."

"Mimi ndiye niliyemwambia," akasema. Akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

Tulikwenda wote wawili. Mayu alimsikiliza mkuu mpaka mwisho, ungo wa dagaa uko mapajani.

"Huko mnakonipeleka," akauliza, "mmepima kwa mawe mangapi?"

"Mawili, mama."

"Safari hii."

"Ndiyo. Safari hii."

Akaendelea kuchambua dagaa.

Siku ya kuhamisha kaburi ndugu zake walikuja, mbuzi akachinjwa. Saruji ilikuwa bado mpya na ilikataa kupasuka, nyundo ikawa inaruka. Kilichotolewa kilienea kwenye shuka moja nyeupe. Tulikibeba kwa miguu, kwa sababu mayu alikataa gari.

Kule kwenye makaburi mapya yaliyotengwa na kambi mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa kamba, yamenyooka na uzio kama safu za kota. Mayu akasimama ukingoni. Akatazama jua, akatazama shimo.

"Kwao mume wangu hawalazwi hivi," akasema. "Kichwa kinaelekea walikotoka. Mmechimba kombo."

Msimamizi wa kambi akasema safu lazima zinyooke. Wachimba kaburi, Wasukuma wote wawili, waliweka majembe chini. Hawakubisha, waliweka tu chini, wakatazama pembeni. Msimamizi akasema basi, wapanue.

Wakapanua. Upande mmoja udongo ulikubali. Upande wa pili sururu ilikutana na mwamba, ikatoa cheche, wakajaribu tena na tena mpaka mpini ukapasuka. Hapakuwa na sururu nyingine. Mkuu wa wapimaji akashuka shimoni na suruali yake safi, akaigeuza shuka mshazari, kichwa kwenye pembe moja na miguu kwenye pembe nyingine, mpaka ikagota kwenye mawe.

Mayu aliniuliza kichwa kimebakiza kiasi gani kuelekea panapotakiwa.

"Kidogo, mayu," nikamwambia.

Hakuniuliza kidogo ni kiasi gani. Aliinama, akachota udongo kwa mikono miwili.