Mashine mbili za kutafuta chuma na shamba la mabomu: yaliyonipata Elementaita miaka ya hamsini

Niaje wakuu. Ndiyo, mzee wa miaka themanini na tisa amewasalimia hivyo, mtazoea.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yote mawili, tena yakiwa yamefunikwa na headphone ya jeshi. Pale nimesahau nitasema nimesahau. Kazi ya kuongeza chumvi nimewaachia wauzaji wa hizi machine, wanaiweza.

Nimesoma mabishano yenu ya metal detector kutoka juu mpaka chini. Nimekutana na mabingwa. Mmoja yake inaona dhahabu mita tano chini ya lami. Mwingine amekiri hajawahi kushika hata moja, lakini ametupatia orodha ya kumi bora, na watu mia wamemshukuru. Hongereni sana.

Mimi nilitumia mbili tu maishani. Kuchagua kati ya hizo mbili nusura kuue mtu.

Nilizaliwa Nakuru. Baba alitoka Butere kuja kufanya kazi ya reli. Mimi nikasoma mpaka mahali karo ilipochoka, nikaingia kwa fundi mmoja Mhindi wa redio pale town. Huko nilijifunza kubadilisha valvu, zile taa za vioo za ndani ya redio za zamani, kuchomelea waya na kunyamaza mteja anapoeleza redio yake ina shida gani.

Nikiwa na miaka ishirini na moja akaja mzungu mmoja. Watu wa shamba walimwita Bwana Sawasawa, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda. Ng'ombe amekufa, sawasawa. Mvua imegoma, sawasawa.

Alikuwa na shamba kubwa la ngano kule Mau Narok, na kipande kingine chini huku Elementaita ambacho hakikuwa kimelimwa hata siku moja.

Sababu ya kutolimwa ni hii. Wakati wa vita kuu ya pili jeshi lilifanyia mazoezi hapo. Walirusha mabomu madogo madogo kwa miaka, kisha wakaenda zao bila kuokota yale yaliyokataa kulipuka. Kwani ni nani aliye na wakati wa kuokota?

Msimu mmoja ng'ombe akakanyaga kitu. Sitaeleza walichokusanya. Basi Bwana Sawasawa, badala ya kuogopa, akaona ile ni ngano inapotea, akanunua machine mbili za kutafuta chuma. Na kwa kuwa zilikuwa na valvu ndani kama redio, akanitafuta mimi. Eti ni redio tu ya kutembea nayo.

Sasa tuingie kwa mambo yenu ya specs.

Machine ya kwanza ilikuwa mali ya jeshi, mitumba. Sahani ya mviringo mbele ya mti mrefu, betri na box la valvu mgongoni, headphone kichwani. Tuliiita Sufuria. Kwa mgongo ilikuwa kama kubeba mtoto wa darasa la pili.

Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, imetoka ng'ambo kwa meli. Mti mmoja, box huku na box huku, unaubeba katikati kama wale wauza maji na debe zao. Hiyo ikawa Debe Mbili.

Bwana akafanya test Mau Narok, nyuma ya nyumba. Udongo wa kule mnaujua, mweusi, laini, hauna ubishi. Akazika debe tupu la mafuta kwenda chini mpaka kiunoni.

Sufuria ikapita juu haina habari. Debe Mbili ikalia kama mbuzi.

Kisha nikamwonyesha msumari niliodondosha kwenye nyasi. Sufuria ikauona mara moja. Debe Mbili ikapita.

Nilimwambia, "Bwana, hii moja inaona kitu kidogo karibu, ile nyingine inaona kitu kikubwa mbali."

Akajibu, "Mimi hapana lima msumari. Mimi nataka deep."

Deep! Wakuu, miaka karibu sabini baadaye bado nasoma neno hilo hilo hapa kwenu kila siku.

Tukashuka Elementaita. Njiani nikasimamishwa na askari kwa kizuizi, maana ilikuwa Emergency, ile hali ya hatari ya Mau Mau, na hapa kuna Mwafrika ana headphone kichwani na waya mgongoni. Walinikagua kipande, kile kitambulisho cha Mwafrika cha siku zile, na kama Sufuria ingekuwa na kipande chake wangekikagua pia. Mmoja akavaa headphone, akasikiliza, akauliza ni nani anaongea. Nikamwambia ni chuma. Akaniangalia vibaya sana. Kama bwana hangefika na gari yake, labda uzi huu ungeandikwa na mtu mwingine.

Basi, Elementaita. Udongo wa kule si udongo, ni majivu ya volkano na mawe yaliyoungua, na hayo mawe yana chuma ndani yake. Nilipowasha Sufuria ikaanza kulia. Nikasonga hatua moja, inalia. Hatua kumi, inalia. Nikiielekeza kwa jiwe, kilio cha matanga.

Debe Mbili nayo kimya. Tulivu. Mtoto mzuri aliyelelewa.

Bwana akasimama mikono kiunoni akitabasamu. "Unaona? Hii mjinga, napiga kelele bure. Hii ingine mzuri. Hapana kelele, hapana bomu."

Na mimi, fundi wa redio, mtu aliyesoma, nikasema "Ndiyo bwana."

Nikatembea na Debe Mbili wiki moja nzima, asubuhi hadi jioni, mstari kwa mstari. Nikapata bati kuukuu na ekseli ya lori. Bwana akafurahi kama amepata taji. Jumamosi akatangaza shamba ni safi, kulima kunaanza Jumatatu.

Wa kulima alikuwa Arap Rono, dereva wa tractor kutoka upande wa Kericho. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, haongei sana. Alikuwa na mke, Tabitha, na watoto wanne, na walikuwa wamejengewa nyumba ya nyasi pale pale ukingoni mwa shamba. Tabitha ndiye aliyekuwa akinipa uji hiyo wiki yote.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, Rono akanifuata nilipokuwa nafua shati.

"Kijana," akasema, "umetembea hilo shamba lote."

"Lote, mzee."

"Ungekuwa na mke na watoto kama mimi, ungepanda tractor kesho?"

Nikaendelea kufua.

"Nimekuuliza kitu."

Nikamwambia ukweli. "Sijui, mzee. Hiyo machine inanyamaza. Lakini sijui inanyamaza kwa sababu hakuna kitu ama kwa sababu haisikii."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alienda kwa tractor na kurudi na pini ya kufungia plau, chuma nene yenye ukubwa wa chupa ya soda. Akauliza bomu lenyewe ni kubwa kuliko hii? Nikasema ni kama hiyo hiyo.

"Basi tuizike."

Wakuu, tazameni. Bwana mwenye machine mbili na shamba mbili hakuwaza hivyo. Mimi mwenye masomo sikuwaza hivyo. Aliyewaza ni mtu ambaye kesho yake angekaa juu ya hilo bomu.

Tukaizika shubiri moja kwenda chini, ndani ya yale majivu. Nikapita juu na Debe Mbili.

Kimya.

Nikarudi. Kimya. Rono akaniambia nipite kutoka upande mwingine, labda inapenda upande mwingine. Kimya. Nikavua headphone. Nilikuwa nimetembea wiki nzima nikitangazia watu usalama kwa machine isiyoweza kuona kitu kidogo kuliko debe.

Nikaenda kuchukua Sufuria. Hapo ndipo nikakumbuka kazi yangu. Redio ikikoroma huitupi, unaitafutia stesheni. Wiki iliyopita nilikuwa nimeiwasha na ile setting ya Mau Narok, nikategemea ipende udongo wa Elementaita.

Nikaiweka juu ya yale majivu yenyewe, nikazungusha knob polepole mpaka kile kilio kikashuka kikawa mvumo mdogo tu, kama nyuki ndani ya chupa. Kisha nikainua sahani kiganja kimoja kutoka ardhini, nikatembea polepole. Polepole ya mgonjwa.

Juu ya jiwe, mvumo ulipanda kidogo na kushuka taratibu. Juu ya pini, ulikatika ghafla ukawa "wiii!" Nikamvalisha Rono headphone naye asikie. Akatikisa kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Tukaendelea kwenda mbele, kuzoea tu. Hatua kama tisa kutoka hapo, Sufuria ikasema wiii.

Rono akauliza, "Hapo tulizika nini?"

Hatukuwa tumezika kitu.

Nikalala kifudifudi, nikaanza kuondoa majivu kwa vidole. Kikatokea kimkia cha chuma chenye mapezi, kama samaki aliyeingia ardhini kwa kichwa. Kilikuwa kimegeuka kahawia kwa kutu. Kilikuwa kwenye mstari ule ule ambao Rono alikuwa amepanga kuanzia mfereji wa kwanza, na kutoka hapo niliweza kumwona Tabitha akianika nguo.

Rono akavua kofia, akaomba kwa lugha yake. Sikuelewa maneno, nilisema amina.

Kisha akataka tukichimbue tumpelekee bwana akione. Nikamshika mkono. Siku zile Mwafrika kupatikana na risasi moja tu mfukoni ilikuwa kamba ya shingo. Sasa sisi wawili tutembee na bomu mikononi, Jumapili, tueleze ni la mazoezi? Tukaliacha palepale, tukachomeka fimbo na kitambaa chekundu cha Tabitha.

Jumatatu bwana akaja. Akaangalia fimbo, akaangalia bomu, akaangalia Debe Mbili yake mpya iliyokuja kwa meli. Akaniuliza swali ambalo sikutegemea.

"Nani naweka hii hapa?"

Nikarudi hatua moja nyuma. Maana katika akili yake ilikuwa rahisi zaidi sisi tuwe magaidi kuliko machine yake iwe kiziwi. Akasema anaweza kuita polisi sasa hivi.

Rono, yule mtu asiyeongea, akasogea mbele.

"Bwana, ita. Lakini kama shamba ni safi, funguo ni hii. Panda wewe mwenyewe, lima kutoka hapa mpaka kwa ule mti. Mimi nitasimama hapa na hawa polisi wako, tukuangalie."

Akamnyoshea mkono wenye ufunguo wa tractor. Aliunyosha muda mrefu. Bwana akautazama ule ufunguo, akatazama ule mti. Akatoa kiko chake, akakijaza, hakukiwasha.

Halafu akaenda kwa gari, na walioletwa hawakuwa polisi. Walikuwa wanajeshi wa kulipua mabomu. Walipolilipua, majivu yalipanda juu kuliko mti, na watoto wa Rono wakalia hadi jioni.

Mkubwa wao akaniuliza nilitumia gani. Nikaonyesha Sufuria. Akasema kwa huu udongo na kwa bomu la ukubwa huo, hiyo ndiyo, mradi mwenye kuitumia awe na subira. Bwana akaitikia kwa kichwa na kusema yeye siku zote alikuwa na imani na Sufuria. Siku zote!

Nikatembea na Sufuria majuma matatu. Tulipata kumi na moja zaidi.

Nisiwe mchoyo, Debe Mbili haikuwa takataka. Baadaye bwana aliiazimisha kwa rafiki yake Naivasha, chini karibu na ziwa upande wa Kihoto, ambaye alikuwa amepoteza bomba lake la maji chini ya matope. Nilikwenda nayo mimi. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumelifuata bomba lote. Machine ni ile ile. Kilichobadilika ni kitu tulichotafuta na mahali tulipokitafuta.

Siku ya kulima ilipofika, Rono aliwasha tractor, akaanza kuangalia nyuma kama plau imekaa vizuri. Nikapanda nikakaa juu ya matigadi, lile bati la juu ya gurudumu, karibu naye. Hakuwa ameniita. Akaniangalia, akasogeza mguu nipate nafasi, tukaondoka.

Mfereji wa kwanza nilikuwa nimefumba macho, nakiri. Wa pili niliyafumbua.

Sasa nyinyi mnaouliza "ipi ni best", nijibuni kwanza: unatafuta kitu saizi gani, kina gani, kwa udongo gani? Halafu zika kitu kama hicho hapo hapo unapotaka kutafuta, upite juu yake. Usizike debe ndio utafute sarafu. Usijaribie Mau Narok ndio ufanye kazi Elementaita. Na machine ikinyamaza, usishangilie kabla hujajua kama inasikia.

Karibuni kwa maoni. Mlio Gilgil, Elementaita na upande wa Menengai, mnatumia gani siku hizi kwa yale majivu, na mnaituliza vipi? Mabingwa wa mita tano pia mnakaribishwa, leteni picha ya shimo. Ila andikeni kwa herufi kubwa kidogo, macho yangu yamestaafu, masikio ndiyo bado yako kazini.