Kofia Aliyoitaka Pepo

Nilikuwa sijavunja ungo bado mamangu alipoota rovu. Uvimbe ule wa shingoni ulianza mdogo kama ndimu, ukakua hata akawa hamezi uji ila kwa taabu. Daktari akasema lipasuliwe, akataja gharama, nasi hatukuwa nayo.

Mimi na nyanya, mamake mama, tukajitia kushona kofia za vito, zile za kudariziwa vitundu kwa mkono. Zilikuwa enzi za vita, uzi mzuri haupatikani ovyo. Nikirudi kutoka chuo cha Kurani tu, sindano mkononi hadi maghribi. Nyanya alishona huku akinung'unika kwamba rovu lile ni la pepo, halitaki kisu. Kofia tatu tukaziuza mtaa wa Ndia Kuu. Ya nne ilikuwa na mnunuzi tayari. Akilipa huyo, mama anapasuliwa.

Wiki ileile mama akapandwa na pepo. Nyanya akamwita fundi wa pepo, mwanamke mnene mwenye sauti kali, akafukiza ubani hata ukumbi mzima ukawa moshi. Mama akatetemeka, kisha akanena kwa sauti nzito ya kiume:

"Nataka mbuzi mwekundu. Nataka na kofia ile mpya. Mukimpasua, namuua!"

"Tumesikia, bwana wetu," akaitikia fundi.

Nikapiga ukelele. "Si yake! Hiyo ni ya kumpasulia mama!"

Nyanya akaniziba mdomo. "Nyamaza, we mwana! Wataka kumuua mamako?"

Pesa zote zikaishia kwa mbuzi na fundi. Kofia akavishwa mama, ikampwaya hadi masikioni. Nililia kwa hasira, wallahi, si kwa huzuni. Miezi yote ile ya kushona, bure!

Mama hakupasuliwa kamwe. Rovu likamkaba polepole, akafariki kabla sijaolewa. Kwa miaka mingi nilimlaumu nyanya, nikamlaumu fundi, nikamlaani na huyo pepo mwenyewe.

Sasa mimi ni mtu mzima, nalifikiria jambo lile kwa njia nyingine. Kama pepo yupo au hayupo, Mungu ndiye ajuaye. Ninachojua ni kwamba kila siku tulimuuliza mama kama amekula, kama amelala. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anaogopa kupasuliwa. Na angeanzaje kumwambia mwanawe aliyekuwa akihangaika vile kwamba yeye hataki? Labda alihitaji mwingine wa kukataa kwa niaba yake, hata akiwa ni pepo. Hasira ningali nayo mpaka leo, ila zamani nilikuwa najua namkasirikia nani.