Yoeli Alivyotaka Kuelea

Enzi zetu, sisi tuliokulia Dodoma wakati televisheni zinaanza kuingia mtaani, hazikosi wa kuzisifu. Tukikutana misibani au harusini utatusikia: tulicheza rede mpaka magoti yakageuka rangi ya udongo, tulimung'unya ubuyu mpaka ndimi zikafa ganzi, tulichapwa na jirani, tukifika nyumbani tunachapwa tena kwa kumkosea jirani. Ni kweli yote, na mimi nasifu na wenzangu. Nakumbuka upepo wa kiangazi uliotujaza mchanga mdomoni, mitumba ya sokoni iliyonuka dawa, na ule ugali wa uwele kwa mlenda, kila mtu akivuta utelezi wake mpaka kidevuni. Lakini nikishamaliza kusifu huwa nanyamaza. Mdogo wangu Yoeli alibaki huko, na hao wanaosema wangependa kurudi enzi zile sijui wanataka kurudia nini.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Ulipokuja wakati wa kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Neno lenyewe lilimuuma kuliko kazi yenyewe. "Wamenipunguza," alikuwa anasema, "kama mtu anavyopunguza matawi ya mti." Akawa anashinda uani na redio yake, mama akaanza kukaanga maandazi. Wakati huohuo biashara zikawa ruksa, na kila mwenye akili akafungua kibanda. Mzee Juma, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na duka mtaani kwetu, alikwenda Dar es Salaam akarudi na televisheni na mashine ya gemu. Akatundika kitenge mlangoni ili chumba kiwe giza, akatangaza kwamba mwenye sarafu aingie.

Ninyi mnaocheza gemu kwenye simu mmelala chali, mnaweza kujua nini? Mkifa mnaendelea palepale mlipofia. Sisi ukifa unarudi mwanzo kabisa, na nyuma yako kuna foleni ya watu wenye hasira. Umeme ukikatika, umekula hasara. Ikifika alasiri Mzee Juma anazima mashine aende kuswali, hata kama umebakiza hatua moja. Na sisi wasichana tuliambiwa hizo si za kwetu. Mimi niliingia hivyohivyo, kwa sababu nilitumwa kumchunga Yoeli, na mchunga mbuzi hasimami nje ya zizi.

Gemu tuliyoipenda ilikuwa na mtu mfupi anayekimbia na kuruka mashimo. Maandishi yake hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kiingereza, kwa hiyo jina lake hatukulijua. Mahali fulani palikuwa na tunda la buluu limejificha. Akilila tu, anavimba. Mashavu yanajaa, tumbo linakuwa puto, mikono inabaki vipande viwili vya kuchomeka ubavuni, halafu polepole miguu inaacha ardhi. Chumba kizima tunapiga kelele, "Kavimba! Kavimba!" Anapita juu ya miiba, juu ya moto, juu ya mashimo yote yaliyotuua tangu asubuhi. Baada ya muda kidogo hewa inamwishia, anarudi mtu wa kawaida, na ole wake kama chini yake kuna shimo.

Yoeli hakujali kufika mwisho wa gemu. Zamu yake ikifika alilitafuta lile tunda, akavimba, akaenda kukaa juu kabisa ya kioo, akiyumba tu. Wenzake walimtukana kwamba anapoteza zamu. Aliendelea kuyumba. Alikuwa mtoto mwembamba, wa mwisho katika mchakamchaka wa asubuhi, wa kwanza kuangushwa katika mieleka. Nadhani pale juu ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyewahi kumfikia.

Mwaka huo mvua ziligoma. Mtama ulikauka ukiwa magotini, na watoto wa mtaani kwetu tulikuwa mbavu tupu. Ndipo Yoeli akaanza kunenepa. Asubuhi aliamka macho yamekuwa vijistari viwili, mashavu yamejaa. Kisha tumbo, kisha miguu, mpaka ndala zikamkataa. Kwetu, wakati wa njaa, hakuna sifa inayozidi hiyo. Majirani walisimama getini kumpongeza mama. "Mama Yoeli, unampa nini huyu? Mwenzetu kanawiri!" Mama, ambaye tangu baba apunguzwe alikuwa anapita kichwa chini, akaanza kutembea na Yoeli sokoni na kanisani bila sababu. Sikuwa nimemwona akicheka vile muda mrefu. Alikuwa na mume asiye na kazi na mtoto aliyenona, maana yake yeye ni mama hodari. Ni nani angemwambia vingine?

Na sisi watoto tulikuwa na maelezo yetu. Yoeli alikuwa amevimba, kwa hiyo amelipata tunda. Aliwakusanya wenzake nyuma ya darasa, akanyoosha mguu, akasema, "Bonyeza uone." Ukibonyeza muundi kwa kidole shimo linabaki, kama umebonyeza unga uliokandwa. Tuliona ni ajabu kubwa. Walipanga foleni, na Yoeli akiringa kama bwana harusi. Kisha akapanda juu ya tofali zilizopangwa kwa ajili ya choo cha shule, akatanua mikono, akaruka. Alianguka kama gunia. Akainuka anachechemea, anahema, anacheka. "Bado," akasema. "Sijavimba vya kutosha."

Baba ndiye aliyeshtuka, siku alipomwona anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Akampeleka Mvumi, hospitali ya misheni. Kule hawakumpongeza mtu. Walimwambia baba ni figo, na kwamba ule si unene, ni maji. Wakampa vidonge, wakakataza chumvi, wakamwambia amrudishe bila kukosa. Yoeli akawa anakwenda chooni mchana kutwa, na siku hadi siku akarudi kuwa yuleyule mwembamba, mwenye shingo ya kuku. Alikuwa anapona. Leo najua alikuwa anapona. Lakini yeye alilia. "Wamenitoa hewa," aliniambia, ananionyesha mguu wake mkavu.

Majirani nao wakageuka. Walewale wa getini sasa wanauliza kwa sauti ya pole, "Mama Yoeli, kulikoni? Mtoto kaisha hivi?" Mama akarudi kutembea kichwa chini, akaacha kumpeleka kanisani. Habari za kule kunenepa zilikuwa zimefika Gulwe kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, naye akapanda treni na mbuzi wake.

"Shikamoo, shangazi," tulimlaki. Hakuitikia. Alikuwa anamtazama Yoeli.

"Wifi," akamwambia mama, "nilisikia mtoto wa kaka yangu kanawiri. Nimekuja nakuta mifupa. Mnamlisha nini?"

"Hospitali wamesema asile chumvi, wifi."

"Asile chumvi! Ng'ombe tunawalambisha chumvi wanenepe, sembuse mtoto wa mtu?"

Baba akasema kwa sauti ndogo, "Dada, daktari alisema..."

"Huyo daktari ndiye aliyemzaa?"

Mwanamume asiye na kazi hana sauti mbele ya dada aliyekuja na mbuzi, hata nyumbani kwake. Namhurumia na namkasirikia kwa pamoja, mpaka leo. Mbuzi akachinjwa, supu ikatiwa chumvi ya kutosha, vidonge vikawekwa juu ya kabati kwa sababu ndivyo vilivyokuwa "vinamkondesha". Siku ya kurudi Mvumi ikapita. Mama hakupinga. Nadhani alikuwa amechoka kutazamwa.

Yoeli alivimba upya, haraka kuliko mara ya kwanza, na shangazi akapiga vigelegele uani. Majirani wakaja, wakasifu, wakala. Shangazi akarudi Gulwe akijitamba. Mdogo wangu akawa mviringo mpaka ngozi inang'aa, na alifurahi, Mungu wangu, alifurahi sana. Hakuweza tena kutembea mpaka kwa Mzee Juma, akawa anaketi mkekani na kuniuliza, "Dada, nimekaribia?" Nami namjibu, "Umekaribia." Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa naamini.

Walipompeleka Mvumi mara ya pili aliondoka amebebwa, na aliporudi alikuwa amefunikwa. Fundi alilazimika kutengeneza jeneza pana kuliko la mtoto wa darasa la tatu. Wanaume waliolibeba walipokezana mara kwa mara kabla ya kufika makaburini, na nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba mtoto huyu ni mzito. Nilisimama pembeni ya kaburi sielewi jinsi mtu aliyejaa vile anavyoweza kushuka.

Sasa vijana wetu wanakimbia alfajiri barabarani ili wakonde, wanapima chakula kwa kijiko, ukiwaambia wamenenepa wanakasirika wiki nzima. Tunawacheka. Mwanangu ni mwembamba kama alivyokuwa mjomba wake, ana simu, ana magemu mengi kuliko aliyowahi kuwa nayo Mzee Juma, na kila jambo analiuliza huko kwenye simu kabla hajaniuliza mimi. Akivimba jicho asubuhi, kufikia saa nne ameshapimwa mkojo. Wenzangu husema utoto wao hauna ladha. Labda. Ningeubadilisha wetu kwa wao leo hii, pamoja na rede, pamoja na ubuyu, na nisingegeuka nyuma.

Shangazi amekwisha kufa, na baba pia. Mama bado yupo, mzee, anapenda wageni. Nilimweleza kuhusu figo mara moja tu, nilipokuwa nimemaliza masomo na kujiona najua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani kupika. Hata sasa mgeni akiuliza ana watoto wangapi, humtaja Yoeli, na uso wake huinuka.

"Miaka ile ya njaa watoto wa watu walikufa wamekauka," humwambia. "Wangu hakufa na njaa. Alikufa amenawiri. Muulize dada yake."

Mgeni hunigeukia, nami husema ndiyo, alinawiri sana.