Mapinduzi Matatu ya Wafaransa na Barua ya Mwalimu

Nilikariri, nisikufiche. Nilipopewa insha ya kulinganisha mapinduzi matatu ya Wafaransa, ya 1789, ya 1830 na ya 1848, nilifanya kilekile kilichonipa alama za juu Tanzania tangu darasa la kwanza: nilimeza sura nzima ya kitabu, nikaitema kwenye karatasi bila kukosea hata mkato. Nikajiona mwamba.

Mwalimu akaniita ofisini. Mezani kitabu kiko wazi, insha yangu pembeni, na barua ya kwenda kwa mkuu wa chuo. Akaniambia kwa upole kwamba nimeiba. Mimi, mwizi! Nilishikwa na hasira, halafu na woga, maana nikifukuzwa chuo viza nayo imekwisha, na mama alishautangazia ukoo mzima kuwa nasoma Marekani.

"Sikuiba, Mwalimu," nikasema. Wenzangu walimwita kwa jina lake. Mimi mdomo ulikataa. "Kiko kichwani." Nikafumba macho nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilipofika wa tatu akanisimamisha.

"Nimekuamini. Lakini wewe mwenyewe unaonaje?"

Jamani. Miaka yote ya kusoma, hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikatazama theluji dirishani. Nikawaza kazi yangu ya kutunza wazee kule Saint Paul, mji ninakoishi, ambako asubuhi hiyo dada mmoja Mkenya alikuwa ameniambia, "Enda tu, nitakucover," yaani atanishikia zamu.

Nikamwambia Mwalimu kuwa kazini kwetu wamepita mameneja watatu. Wa kwanza tulimchukia, akaondolewa, tukashangilia. Wa pili kumbe rafiki yake, akabadilisha mapazia tu. Wa tatu alituita wenzake, tukamwamini kuliko wote. Tulipoomba mtu mmoja zaidi wa kutusaidia kuwageuza wazee vitandani, akawafukuza waliosema.

"Paris naona ni hivyohivyo," nikasema. "Mara zote tatu watu wa kazi za mikono ndio walioingia barabarani. Ya kwanza ilikata kichwa cha mfalme. Ya pili ilimtoa mfalme ikaweka mwingine wa ukoo uleule. Ya tatu iliwaita ndugu, na miezi minne baadaye ikawapiga risasi. Hiyo ndiyo inayoniuma, Mwalimu, kwa sababu wale walikuwa wameamini."

Mwalimu akanirudishia insha yangu.

"Kaandike hivyo," akasema, akanisukumia ile barua. "Na hii katupe mwenyewe."

Sikuitupa. Niliisoma kwenye basi la kurudi Saint Paul, mstari kwa mstari, nikilia bila haya mbele ya watu. Nilipofika kituoni kwangu, nilikuwa nimeshaikariri yote.