Fishi Thelathini na Moja za Mwalimu Béthanie

Mwalimu Béthanie Kyabu hakuwahi kugusa darubini maishani mwake, na jambo hilo halikumkera hata kidogo. Kilichomkera ni karatasi. Mwalimu wa hesabu wa sekondari nzima ya Wamethodisti pale Kamina alipewa daftari moja kwa mwaka, tena jembamba, kana kwamba hesabu ni sala ambayo mtu anaweza kuifanya moyoni. Na hesabu yake yeye haikuwa ya kufanywa moyoni.

Kazi hiyo alipewa na profesa wake wa zamani, aliyekuwa Lubumbashi. Huko ng'ambo, watu wenye darubini walikuwa wakipiga picha mamilioni ya nyota, zilezile kila siku, wakisubiri moja ivimbe. Nyota ambayo haina habari na mtu huanza kung'aa kupita kawaida, wiki mbili, wiki tatu, kisha hurudi ilivyokuwa. Yenyewe haijabadilika. Ni nyota nyingine, hafifu isiyoonekana, iliyopita mbele yake sawasawa, na uvutano wake ukapinda ule mwanga na kuukusanya, jinsi kitako cha chupa kinavyokusanya jua juu ya majani makavu. Swali likawa: uangalie nyota ngapi ndipo uikute moja imevimba?

Béthanie alikata njia yote kutoka hapa kwetu hadi katikati ya galaksi vipande vipande. Katika kila kipande alikadiria zimo nyota ngapi, kisha akaipa kila moja uzito wake, maana iliyo katikati ya safari hupinda mwanga vizuri kuliko iliyo karibu nasi au iliyo mbali kabisa. Halafu akajumlisha. Vitabu vilisema katika nyota milioni haifiki hata moja. Wenye darubini walikuwa wakiziona mbili, hata tatu.

Wapo waliosema wenye darubini wamekosea. Béthanie alichukia maneno hayo. Mtu kaona kwa macho yake, wewe uliyeketi unamwambia hakuona! Lilikuwapo wazo jipya, kwamba katikati ya galaksi hakuna duara bali kitu kirefu mfano wa muhogo, ncha yake imeelekea huku kwetu, na kwa hiyo njiani mna nyota nyingi kuliko tulivyodhani. Akaanza upya, kwa kitabu cha logariti na chaki. Kila siku wanafunzi wakishatoka alijaza ubao, akafuta, akajaza tena, na matokeo tu ndiyo aliyoyanakili.

Aliyanakili wapi? Hapo ndipo nchi ilipomsaidia bila kukusudia. Mei 1997 Zaire ikaacha kuitwa Zaire, na fishi zote za wanafunzi, kadi za kumbukumbu zenye jina la zamani juu, zikawa takataka. Béthanie akaziomba za darasa lake. Mbele palikuwa na mambo ya shule, nyuma peupe kabisa. Mwaka mzima na zaidi aliandika majedwali yake nyuma ya fishi zile, moja baada ya nyingine. Jedwali la thelathini na moja lilipokaribiana na yale yaliyoonwa na wenye darubini, aliketi kwenye dawati la mwanafunzi akalia kwa furaha.

Profesa alikuwa amempa mwisho wa Septemba 1998. Agosti vita vikaanza tena. Treni zikawa za askari, na njia iliyobaki ilikuwa ndege ya mizigo. Béthanie akaenda kiwanjani na bahasha yake. Penye lango, karibu na Mama Mbombo aliyekuwa akikaanga mikate ya mafuta, kapteni mmoja alikuwa ameketi kwenye meza akipekua mizigo.

"Hii makaratasi iko nini?"

"Njo calcul, hesabu ya nyota, mon capitaine. Ya profesa wa Lubumbashi."

Aliogopa jambo moja tu, lile jina la Zaire. Alikuwa ameandaa hata maelezo. Kapteni hakujali. Alichukua fishi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaanza kusoma polepole kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole.

"Kitenge Philémon. Muzaliwa 1980. Avenue, nimero ya nyumba, jina ya baba. Mwanza Manassé, 1981." Akainua uso, ametabasamu. "Mama Mwalimu, weye unatusaidia sana. Tunatafuta bijana ba kuenda ku vita. Hii itabaki hapa."

Mwaka mzima Béthanie alikuwa amezitazama karatasi zile kwa nyuma, akazisahau mbele. Watoto wake wote walikuwa mle, waliokuwa darasa la nne la sekondari wakati ule na sasa wako la sita, pamoja na milango ya nyumba zao. Na huyu bwana, aliyeshikilia mkononi hesabu ya galaksi nzima, hakuwa amegeuza hata mara moja kuangalia kilichoandikwa nyuma. Aibu na hasira vilimpanda pamoja, hasira ikatangulia.

"Haiko mu ordre, mon capitaine," akasema kwa sauti ya darasani. "Banaishi huku na huku. Uniachiye niipange avenue kwa avenue."

"Panga, mama. Panga muzuri."

Kapteni akageukia mzigo wa mtu mwingine. Béthanie akachukua fishi zote, akazihesabu, maana ingebaki moja angekuwa amemtoa mtoto mmoja. Thelathini na moja. Akapiga hatua tano hadi kwenye mbabula, lile jiko la makaa la Mama Mbombo, akaisogeza sufuria kwa kanga yake, akazisukuma zote ndani ya makaa. Mama Mbombo aliona, akamimina mafuta juu ya moto bila kuuliza.

Kofi alilopigwa Béthanie na kapteni lilimwangusha. Alifungiwa siku mbili ndani ya kontena, akiulizwa majina, naye akijibu kwamba kichwa chake hakishiki majina, kinashika tarakimu tu. Mchungaji wa Wamethodisti ndiye aliyekwenda kumwombea akatoka. Jumla ya mwisho aliikumbuka vizuri sana, lakini jumla bila majedwali ni umbea.

Desemba barua ya profesa ikafika. Alisikitika kwamba tarehe haikuheshimiwa. Kazi ilikuwa imepewa msaidizi mwenye kompyuta. "Sayansi, Mama Béthanie," aliandika, "inataka watu makini."

Aliisoma mara mbili. Akajibu siku hiyohiyo, mistari miwili, bila salamu: hesabu zake alizichoma mwenyewe kwa mkono wake. Na darasa la sita lina wanafunzi thelathini na mmoja, na asubuhi hii wote wameitika.